Mang'ula: Kambi Iliyogeuka Ujirani

Historia ya viwanda nchini Tanzania inapoandikwa, hutajwa zaidi Dar es Salaam, Tanga na Morogoro mjini, ilhali makazi madogo ya wafanyakazi yaliyoota kandokando ya reli husahaulika, ingawa huko ndiko inakoonekana vizuri jinsi ajira inavyowakutanisha watu wasiojuana na kuwafanya wazikane. Mang'ula, iliyoegemea miteremko ya Milima ya Udzungwa na kutazama mashamba ya mpunga na miwa ya Bonde la Kilombero, ni mojawapo ya makazi hayo.

Makubaliano ya kujenga Reli ya TAZARA yalitiwa saini na Tanzania, Zambia na China mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na njia hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Katika miaka hiyo Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kuu za ujenzi, na Wachina walijenga hapo karakana, yaani mahali pa kutengenezea vipuri na kukarabati mitambo, ili kazi isisimame kila chombo kinapoharibika. Reli ilipokwisha, karakana haikuondoka na wajenzi. Ilibaki kuwa kiwanda cha umma cha zana za mashine, kilichofahamika kwa jina la Mang'ula Mechanical and Machine Tools.

Kazi ya msingi ya karakana ya namna hiyo ni kukereza, yaani kuzungusha kipande cha chuma kwenye mashine huku kisu kigumu kikikipunguza kidogo kidogo, vinyweleo vya chuma vikijikunja na kudondoka chini, hadi kipimo kitimie. Kisu kikizidi kwa upana wa unywele, kazi ya siku nzima huishia kwenye lundo la vyuma chakavu, na ndiyo maana ufundi huu hufundishwa zaidi kwa kusimama bega kwa bega kuliko kwa maneno, jambo lililowafaa Wachina na Watanzania ambao hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza.

Mafunzo mengine yalitokea nje ya lango. Pamoja na Wandamba, Wambunga na Wapogoro wa bonde hilo, reli na kiwanda cha sukari cha jirani, Kidatu, vilivuta Wahehe, Wabena, Wangoni, Wanyakyusa na wengine wengi, wakakutanishwa na Kiswahili pamoja na kota, yaani nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu. Mgeni aliyefiwa akiwa kota, ukoo wake ukiwa mbali, hangeweza kusubiri wajomba wafike ndipo kaburi lichimbwe. Kazi ya ukoo iliangukia kwa jirani na kwa mtani, yaani mtu wa kabila linalotaniana na la mfiwa, ambaye desturi humruhusu kuchekesha msibani lakini pia humtaka ashike jembe.

Mshahara peke yake haukutosha, kwa hiyo familia nyingi zilishika jembe la shamba pia, na treni ya abiria ya masafa mafupi iliyoitwa Kipisi, yaani kipande kidogo kilichokatwa, ikabeba mpunga, ndizi na wachuuzi kutoka kituo hadi kituo. Mizizi hiyo miwili, ya kiwandani na ya shambani, ndiyo iliyowashikilia watu viwanda vya umma vilipodhoofika katika miaka ya 1980 kwa ukosefu wa fedha za kigeni, na ubinafsishaji ulipofuata, hata kiwanda cha sukari kikauzwa mwaka 1998. Mlimani nako mipaka ilibadilika: Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992 na makao yake makuu yakawekwa Mang'ula, na ruhusa ya wakazi kuokota kuni kavu humo siku maalumu ikasitishwa mwaka 2011.

Kiwanda kinapopimwa, huhesabiwa mashine, majengo na madeni yake, na hesabu hiyo si makosa, ila ina pengo. Mikono iliyojifunza kukereza na jirani aliyejifunza kumzika asiye wa ukoo wake havimo katika daftari lolote la mali, na kwa hiyo havikuuzwa wala kununuliwa. Lakini kisichoandikwa hupotea kwa njia nyingine. Kijana aliyeingia kambini mwaka 1970 akiwa na miaka 20 sasa amevuka miaka 70, na anajua kilichofanyika kwenye kila benchi la karakana ile. Shule za Mang'ula zina wanafunzi wanaojua kuandika. Wazee kama huyo wapo nyumba chache kutoka shuleni. Wapelekewe daftari na kalamu mapema.