Aliyesaidiwa Anadaiwa Nini?

Fomu niliyopewa ilikuwa na sehemu tatu: Kabla, Badiliko, Sasa. Chini palikuwa na nafasi ya picha, na maagizo kwamba mhusika atabasamu. Shilingi 2,000 kwa kila hadithi, hadithi kumi, pesa zitatumwa kwa M-Pesa kazi ikiisha. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, kwa hivyo maswali yangu yote niliyameza.

Misheni yenyewe sitaitaja. Iko Nairobi, upande wa Eastlands, na kazi inayofanyika pale si mchezo. Asubuhi kuna uji. Waliolala nje wanaoga, wananyolewa, wanapewa nguo safi. Anayetaka kuachana na pombe au gundi anakaa pale miezi kadhaa, anafundishwa useremala, ushonaji au kuoka mikate, na akitoka anapewa mtaji mdogo na mtu wa kumfuatilia. Kuna sala asubuhi na jioni, lakini sikuona mtu akinyimwa uji kwa kukosa sala. Nasema haya mapema kwa sababu sikuja hapa kuponda kanisa. Nimeona watu wakisimama tena kwa miguu yao pale, na sijui ni nani mwingine alikuwa amejitolea kuwashika mkono.

Wa sita kwenye orodha yangu alikuwa mzee wa miaka arobaini na kitu. Anauza mayai boilo na smokie kwenye mkokoteni karibu na stegi.

"Wewe ndio kijana wa ofisi?"

"Ndio, mzee. Nimetumwa nikuulize maswali kidogo tu."

"Uliza. Lakini kwanza kula yai."

Alinipasulia, akajaza kachumbari, akakataa pesa yangu. Kisha akaongea karibu saa nzima huku akihudumia wateja. Aliyoniambia ya zamani sitayaandika hapa. Nilipotoa simu nimpige picha, akaweka kisu chini.

"Hapana. Picha hapana, na jina pia hapana. Nina msichana sekondari. Wenzake wote wako na simu."

Nikamwambia hadithi itasomwa na wafadhili ng'ambo, si watu wa hapa.

"Ng'ambo iko kwa simu," akasema, akaendelea kukata nyanya.

Nilirudi ofisini nikamweleza mratibu. Alinisikiliza vizuri. Ni mama mpole, na amefanya kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Alisaini," akaniambia. "Na sikatai, ana haki ya kuona haya. Lakini wewe unafikiri unga wa uji unatoka wapi? Mtu akisoma hadithi moja na kutuma kitu, kesho kuna mwingine anaoga. Huyo mzee mwenyewe alisaidiwa kwa sababu kuna mtu alisimulia kabla yake. Sasa ni zamu yake."

Sikuwa na jibu, na nilitaka sana kuwa nalo. Hoja yake si ya kijinga. Hata hivyo, njia nzima kwenye matatu nilikuwa na swali moja kichwani: mtu akisaidiwa, anadaiwa nini?

Lazima niseme kwa nini swali lenyewe linaniuma. Nilipokuwa Form Two, karo ilikuwa imekwisha na mama alikuwa ameanza kunitafutia kazi ya mjengo. Programu moja ya kanisa ikanichukua, ikanilipia hadi Form Four. Kila Desemba tulikuwa na kambi, na kila Desemba nilisimama mbele ya wageni nikaeleza tulivyokuwa tukilala njaa. Mwaka wa kwanza nililia kikweli. Mwaka wa tatu nilijua ni wapi pa kusitisha sauti. Mama alikuwa akikaa pale nyuma, ameinamisha kichwa, akisikiliza mwanawe akiwaeleza wageni kuwa sufuria yake ilikuwa tupu. Hakuwahi kulalamika. Nyumbani alikuwa na methali moja ya kunikumbusha adabu: fadhila ya punda ni mashuzi. Mimi sikutaka kuwa punda.

Kisha nikaingia chuo kikuu, na mwaka wa pili nikaacha. Pesa zilikuwa sehemu ya sababu; sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwa na jina lake. Mtu wa kwanza niliyemkwepa alikuwa pasta. Hakuwahi kunitukana wala kunidai. Nilimkwepa kwa sababu hadithi yangu ilikuwa bado inazunguka huko na picha yangu ya tabasamu, na mimi nilikuwa nimeiharibu. Ile fomu ina Kabla, Badiliko na Sasa. Haina mahali pa kuandika kwamba baada ya Sasa mtu aliteleza.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na mratibu. Kumwomba mtu aseme asante ni jambo moja. Kufanya maisha yake yaliyojengwa upya kuwa onyesho ni jambo jingine, kwa sababu onyesho haliruhusiwi kuharibika. Mtu aliyeacha chang'aa anajua anaweza kurudi kwenye chang'aa. Akirudi akiwa mtu wa kawaida, amejiumiza mwenyewe na wanaompenda. Akirudi akiwa yule wa kwenye picha, ni kama amewaibia wafadhili. Siku ile anayohitaji zaidi kubisha mlango wa misheni ndiyo siku atakayouona mlango ule haubishiki. Msaada unaanza kumfungia nje mtu yuleyule uliyemfungulia.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Mwaka 1865 William na Catherine Booth walianza misheni yao kwa maskini wa mashariki mwa London, ile ambayo mwaka 1878 ilipata jina tunalolijua, Jeshi la Wokovu, na kufika kwetu Kenya mwaka 1921. Walevi waliobadilika walikuwa wakisimama barabarani na kusema walivyokuwa. Ukifikiria vizuri, waliowasikiliza walikuwa wanawajua. Waliwaona wakilala mtaroni, sasa wanawaona wamesimama. Ushuhuda haukumfichulia mtu siri. Ulimrudishia jina lake mbele ya majirani wale wale.

Pwani yetu ina mfano wa upande mwingine. Ukivuka daraja la Nyali kutoka Mombasa, matatu zinapiga kelele za Kengeleni. Kengele yenyewe bado ipo. Ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa watu waliookolewa kutoka utumwani. Walipewa mahali pa kulala, shamba, shule, ufundi. Wengi walipewa pia majina mapya ya Kikristo. Kisha habari zao zikasafiri hadi majarida ya misheni Uingereza, ili waliochanga waendelee kuchanga. Kwa mtu aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa, Freretown ilikuwa uhai. Lakini msomaji wa hadithi yake alikuwa mbali sana, hamjui, na hangeweza kuulizwa swali wala kujibiwa. Fomu yangu ya sehemu tatu ina ukoo mrefu.

Kwa kuwa misheni inasimama juu ya Biblia, nilirudi kwenye Biblia. Katika Marko sura ya kwanza Yesu anamponya mwenye ukoma, kisha anamkanya asimwambie mtu yeyote. Sura ya tano kuna yule wa makaburini, uchi, anayekata minyororo na kujikatakata kwa mawe. Watu wanamkuta ameketi, amevaa nguo, akili zimetulia. Anaomba amfuate Yesu. Fikiria ushuhuda ambao angezunguka nao! Anakataliwa. Anaambiwa aende nyumbani, kwa watu wake, akawaambie wao. Na katika Luka 17 wanaponywa wakoma kumi, anarudi mmoja kushukuru. Yesu anauliza wale tisa wako wapi, na swali lake lina uchungu. Lakini hakuna mahali tunaposoma kwamba ukoma wao uliwarudia.

Kwa usomaji wangu, na mimi si mhubiri, shukrani ni deni la kweli, ila mdaiwa ndiye anayechagua atalilipa vipi na mbele ya nani. Yule wa makaburini alirudishwa kwa wanaomjua. Mwenye ukoma aliambiwa anyamaze. Yule wa kumi alirudi kwa miguu yake, bila fomu. Wazee wetu walisema fadhila ya punda, lakini wao hao walisema pia tenda wema nenda zako. Methali ya kwanza tunaikumbuka tunapokuwa tumetoa. Ya pili inatutoroka.

Utaniambia, kama mratibu, kwamba mzee alisaini. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, na inampa mtu haki ya kuiondoa. Sasa jiulize: mtu anayekula, kulala na kuoga kwa mkono wako, ukimwekea karatasi mbele, hapana yake ataipatia wapi? Mimi nikiwa Form Three ningesaini chochote. Hapana ya mzee ilianza kuwa na maana siku alipopata mkokoteni wake. Labda hicho ndicho kipimo cha kujengwa upya: kwamba sasa anaweza kumkatalia hata aliyemsaidia. Misheni ingefurahi kusikia hapana hiyo. Ni matunda yake.

Na unga? Misheni ina hadithi yake yenyewe, na hiyo ni halali yake kuisimulia. Vikombe vingapi vya uji vilinywewa mwezi huu. Gesi ni pesa ngapi. Wangapi walimaliza, wangapi walirudi mtaani, wangapi wakapokelewa tena. Mratibu aliniambia hakuna anayetuma pesa kwa sababu ya bei ya gesi, na naogopa kuwa anasema kweli. Lakini basi tatizo liko kwetu tunaotoa. Sisi ni watu wa harambee yenye kipaza sauti, jina na kiasi vikisomwa. Tunampa chokora mkate huku mwenzetu akirekodi. Tunataka kuona machozi kabla ya kufungua pochi, kisha tunashangaa wanaosaidia wakituletea machozi.

Niliandika hadithi ya sita bila jina, bila picha, bila Kabla. Ilikataliwa. Nililipwa 18,000. Hadithi tisa nyingine nilizituma kama zilivyotakiwa, na kodi nikalipa kwa pesa hizo. Sina mikono misafi.

Kabla ya kutuma makala hii nilirudi stegi kumwomba mzee ruhusa. Nilimsomea sehemu yake kwenye simu, magari yakipiga honi. Akanisimamisha mara mbili. Kitu kimoja nikakifuta, kingine nikakibadilisha. Kisha akasema, "Ya mayai, sawa. Ya simu, sawa. Hiyo ingine umeacha, vizuri."

Akanipasulia yai, akaweka kachumbari na pilipili. Nikasema asante, nikaanza kuondoka.

"We kijana," akaniita. "Siku ile nilikukaribisha. Leo ni thelathini."

Nikatoa simu, nikamuuliza namba ya till.