Kushoto, Mgeni

Kwenye barabara ya Tabora kwenda Kigoma, huenda ukapishana na mgeni juu ya pikipiki kubwa, mabegi ubavuni, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Kwao, kama sehemu kubwa ya Ulaya, huendesha kulia. Hapa ni kushoto. Akivuka Manyovu kuingia Burundi, anarudi tena kulia! Penye magari mengi hapotei, anayafuata tu. Hatari ni alfajiri, anapotoka nyumba ya wageni na barabara ni tupu: mazoea ya kwao humvuta upande usio wake.

Njia hii imezoea wageni. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mwaka 1872 mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Jina lake limebaki vitabuni. Wabebaji wengi, Wanyamwezi wakiwemo, hawakuandikwa. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mwenye kujua maji yalipo na mtemi gani anadai hongo ya kupita.

Mgeni wa leo ana ramani kwenye simu. Haimwambii mvua ya juzi imeifanya nini njia ya vumbi. Vijana wa bodaboda wanajua: kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, usiikamate breki ya mbele kwa nguvu, tazama mbali. Mimi nawaamini hao kuliko setilaiti. Watamchorea njia chini kwa kijiti, kisha watamuuliza hilo dude linakula mafuta kiasi gani.