Una nini nyumbani? Swali la kuulizana kabla ya mkopo wa riba

 

Ndugu Waislamu, mikopo iliyopewa jina la “kausha damu” imeingia katika nyumba zetu za Temeke, Buguruni na Manzese kwa mlango wa nyuma. Mara nyingi anayeichukua ni mama, na mume hana habari mpaka siku wadai wanapokuja kubeba televisheni na jiko la gesi. Wengine wamehamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Masheikh wanasema juu ya mimbari kuwa riba ni haramu, na ni kweli, kwani Qur'an imetangaza vita dhidi ya wanaoing'ang'ania (2:279). Lakini mama yule akitoka msikitini huku kodi ya nyumba inadaiwa, nani anakaa naye?

Hebu tutazame alivyofanya Mtume (SAW). Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (RA) kuwa mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (SAW) kuomba. (Wapo wanazuoni walioizungumzia sanad ya hadithi hii, lakini mafunzo yake yanaafikiana na misingi ya dini.) Mtume (SAW) alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akajibu kuwa kuna nguo moja nzito, sehemu wanajifunika na sehemu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume (SAW) akavinadi mbele ya Sahaba mpaka vikapata dirham mbili. Akamwelekeza kuwa dirham moja anunulie familia yake chakula, na ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume (SAW) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuziuza, asionekane mpaka siku 15 zipite. Aliporudi alikuwa amepata dirham kumi.

Angalia vizuri. Ilianza hesabu ya kilichopo, ikafuata kugawa fedha mafungu, kisha ikawekwa siku ya kurudi. Bajeti ni hiyo, na mshauri hakudai malipo. Nabii Yusuf (AS) naye alitoa mpango wa chakula wa miaka saba ya neema na saba ya ukame (12:47-48) akiwa bado mfungwa, wala hakuufanya kuwa bei ya kutolewa gerezani.

Wapo wanaodai kuwa kupiga hesabu za mwezi ni upungufu wa tawakkul. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (RA) kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Nani ana tawakkul kumzidi yeye?

Katika misikiti yetu ya mjini hakosekani mhasibu mstaafu, mwalimu wa hisabati, au mama aliyezoea kushika daftari la kikoba. Watu hawa wakae na familia inayohitaji, mume na mke pamoja. Hapa ndipo penye kazi, maana waume wengi huacha hela ya matumizi mezani lakini mshahara ni siri. Qur'an inataka wazazi waridhiane na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa (2:233), sembuse kodi ya nyumba! Iandikwe kodi, umeme, maji, nauli, ada, na kila mdai na kiasi chake. Na michango ya harusi pia, ambayo mtu huilipa kwa kuona haya huku mwanawe amerudishwa shule.

Tusieleweke vibaya. Si kila mwenye deni ni mfujaji. Ipo karatasi itakayoonyesha kuwa familia inakula mlo mmoja na bado kipato hakifiki. Huyo usimsomee aya za israfu. Karatasi yake ipelekwe kwa kamati ya zaka, kwani wenye madeni wana fungu lao (9:60), na mdai wake akumbushwe kuwa Qur'an imeamrisha kumpa muda aliye katika dhiki (2:280).

Tahadhari nayo ipo. Anayekuja na “ushauri wa bure” huku fomu ya mkopo iko mfukoni, huyo ni mfanyabiashara. Na mshauri asiyeweza kutunza siri asikaribishwe kabisa. Yaliyosemwa yakifika kwenye baraza la kahawa mara moja tu, hakuna atakayerudi tena. Akinamama wawe na akinamama wenzao wa kuwasikiliza.

Jioni moja kwa wiki baada ya Isha inatosha kuanzia. Karatasi ya hesabu waondoke nayo wenyewe wenye nyumba, na katika daftari la msikiti iandikwe tarehe ya kurudi tu, bila jina.