Nani Alipiga Kelele Ttanda?

Ndugu msomaji, wewe ungemnyamazisha mtoto kwa muda gani ili Kifo kikamatwe? Swali hili sikulipata darasani. Lilitoka kwenye mchezo, na nusura livunje urafiki wa watu watano hapa Murungu.

Nijieleze kwanza. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaniacha nyumbani, na tangu hapo nawaambia watu kwamba naandika riwaya. Riwaya yenyewe ina sura tatu na hiyo ya tatu imeliwa na panya. Mchana napima maharage na unga wa muhogo dukani kwa mjomba, usiku tunakaa nyuma ya duka, taa moja ya sola, tunacheza. Wapita njia hudhani ni karata. Si karata. Mchezo wetu ni wa mdomo na dadu: mmoja anasimulia dunia, wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya dunia hiyo. Huyu mganga, yule askari, yule mwizi aliyetubu nusu. Ukisema unaruka korongo, dadu ndilo litakalosema kama umeruka au umevunjika mguu. Asili yake ni Marekani, mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa kitu walichokiita Dungeons & Dragons. Wenzetu kule wana dadu lenye pande 20. Sisi tuna vikaratasi 20 ndani ya kopo la maziwa, unatikisa, unachomoa, unasoma namba. Hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa fundi simu, ambaye hulalamikia kila kitu.

Msimulizi ni mimi. Na msimulizi yeyote wa mchezo huu anajua kwamba safari yote, hata ikichukua miezi, inaelekea kwenye shimo moja la mwisho. Huko chini ndiko aliko mkubwa wa maadui. Mara nyingi shimo hilo ni mlango wa kuzimu. Kwenye kompyuta ya binamu yangu, mkweche uliokuwa unawaka ukitaka, niliona mchezo uitwao Diablo, uliotoka mwishoni mwa 1996. Unaingia kwenye kanisa la mji wa Tristram na kuteremka ngazi 16: makaburi, mapango, kisha Jehanamu yenyewe. Unamuua shetani mkuu. Halafu, mwenzangu, maiti ile inabadilika mbele ya macho yako inakuwa ya mtoto wa kiume, Albrecht, mtoto wa mfalme, ambaye shetani alikuwa amemvaa. Siku ile nilizima kompyuta nikaenda kukaa nje. Usiku kucha nilikuwa nampiga nani?

Basi nilipotaka shimo langu la mwisho, sikutaka kanisa la Wazungu. Nilitaka kuzimu ya kwetu, na ipo. Ipo Uganda, Mityana, mahali panapoitwa Ttanda. Pale pana mashimo mengi ardhini, na Waganda wanasimulia kwamba yalichimbwa na Kayikuuzi alipokuwa akimfukuza Walumbe, yaani Kifo. John Roscoe alikiandika kisa hiki katika kitabu chake cha 1911 kuhusu Waganda, lakini wenyewe walikuwa nacho kabla yake, na watu bado wanakwenda Ttanda kuomba.

Kisa kwa kifupi ni hiki. Kintu alimuoa Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Wakaambiwa washuke duniani upesi na wasirudi hata wakisahau kitu, maana Walumbe, kaka yake Nambi, angetaka kuwafuata. Njiani ikakumbukwa kwamba ulezi wa kuku umesahaulika. Pakarudiwa, Walumbe akafuata. Akaomba apewe mtoto wa kumsaidia kazi, akanyimwa, akaanza kuua watoto. Ggulu akamtuma Kayikuuzi, ndugu yao mwingine, akamkamate amrudishe. Walumbe akazama ardhini. Kayikuuzi akachimba, huyu akatokea kwingine. Akachimba tena, huyu akahama tena. Mwisho Kayikuuzi akatoa amri: kwa siku mbili watu wote wakae ndani, na mtoto yeyote akimwona Walumbe akitoka asipige kelele. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi pale Ttanda wakamwona. Wakapiga ukelele. Walumbe akarudi chini, Kayikuuzi akasema amechoka, akapanda kwao. Kwa hiyo tunakufa.

Unaona kilivyo kizuri kwa mchezo? Mashimo, adui anayehama, amri moja isiyovunjwa. Nikaandika sheria kwa kalamu nyekundu: ndani ya shimo la mwisho, atakayetoa sauti atakuwa amewashindisha wote. Tulifika huko baada ya miezi minne ya kucheza. Walumbe ametoa kichwa. Askari ameshika kamba. Mganga, yaani fundi simu, amechomoa 19. Zamu ikabaki ya mwindaji. Mwindaji ni binti wa jirani, naye ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Nikamwambia, wewe umejificha kwenye majani pamoja na watoto wa wachungaji, unafanyaje? Akasema, "Napiga kelele."

Nikadhani anatania. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema, "Mwindaji anapiga kelele. Anapiga mpaka wasikie Kibondo."

Fundi alitupa kopo. Vikaratasi vikaruka hadi kwenye gunia la chumvi. Miezi minne, bwana! Akamwambia binti yule maneno ambayo sitayaandika, naye akaondoka bila kuaga, na mimi, nakiri, nilikuwa upande wa fundi. Sheria ilikuwa nyekundu kabisa, na kila mtu aliisoma.

Baada ya siku tatu nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake anaanika muhogo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakuniambia kitu zaidi ya hicho, na sikuuliza. Binti ndiye aliyenisindikiza, na njiani akanieleza. Wasomaji wa mbali wajue kwamba huku kwetu Burundi haiko mbali. Kiha na Kirundi ni ndugu, mtu akizungumza kule sisi huku tunaitika. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, watu waliokimbia mauaji waliingia Kibondo na Kasulu kwa maelfu. Mama yake alikuwa mmoja wao, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Usiku mmoja kundi lao lilijificha kwenye mafunjo kando ya mto, na wenye mapanga wakapita karibu, karibu sana, wakasimama kuwasha sigara. Mtoto akaanza kuguna. Mkono wa mama ukaenda kinywani.

Watu kumi na mmoja walivuka mto ule wakiwa hai. Mtoto hakuvuka. Angekuwa leo dada wa mwindaji wetu, mwenye miaka thelathini na ushee.

"Mama hasemi nilimziba," binti aliniambia. "Anasema mkono ulikaa."

Sentensi hiyo imenikalia. Mimi ninayejidai mwandishi nimejaribu kuiandika upya namna nyingi na kila namna ni uongo. Ukisema alimuua, umesema uongo. Ukisema aliwaokoa kumi na mmoja, ni kweli, lakini jaribu kumwambia yeye uone kama atashukuru. Mkono ulikaa.

Sasa turudi kwenye hoja, maana nisije nikaegemea machozi. Fundi nilimweleza kisa hiki, kwa ruhusa, naye hakulegea. Fundi ni mtu wa hesabu. Alisema: "Umenipa ushahidi wangu mwenyewe. Mtoni kulikuwa kimya, watu kumi na mmoja wakapona. Ttanda kulikuwa na kelele, sote tunakufa. Kwa hiyo ukimya ni haki." Nilikaa na jibu hilo wiki nzima, kwa sababu si la kijinga. Mtu akisema siku mbili za ukimya ni bei kubwa mno kwa kukikomesha Kifo, nitamwonyesha makaburi ya hapa kijijini na kumwomba anitajie bei iliyo ndogo.

Lakini fundi anachanganya vitu viwili. Mtoni, aliyebeba mzigo wa ukimya ni mtu mzima, na anaubeba mpaka leo akianika muhogo. Ttanda, mzigo umewekwa juu ya watoto, kisha lawama ikawekwa juu yao hao hao. Hebu kisome kisa upya. Watu waliamriwa kukaa ndani. Watoto wale walikuwa nje kufanya nini? Kuchunga mbuzi. Mbuzi wa nani? Mtoto hajitumi machungani siku ya amri. Yuko mtu mzima aliyeona majani ya jana yamekwisha akasema nendeni, mrudi mapema. Huyo kisa hakimtaji. Nambi na ulezi wake tunawakumbuka, watoto na ukelele wao tunawakumbuka, ila aliyewafungulia zizi amesahaulika vizuri kabisa.

Tena kuna hili. Sisi wenyewe huwafundisha watoto kupiga yowe. Ukiona nyoka, piga yowe. Ukiona mgeni anakuvuta mkono, piga yowe, na anayelisikia lazima atoke. Mtoto anayemwona Kifo kinachomoza ardhini akapiga kelele ametii mafunzo yote aliyopewa tangu azaliwe. Halafu anaambiwa kwamba siku hiyo moja, mbele ya kitu cha kutisha kuliko vyote, ndiyo siku ya kutopiga. Mpango wa shujaa unaosimama juu ya mtoto kutoogopa ni mpango mbovu, hata kama shujaa ametumwa na mbingu. Kayikuuzi alikuwa na nguvu za kutoboa ardhi kila mahali ila hakuwa na akili ya kuuliza watoto watakuwa wapi kesho.

Najua mtu atasema kuzimu zote zina masharti. Ni kweli. Wayunani wanaye Orpheus, aliyeambiwa asigeuke nyuma, akageuka, akampoteza mkewe. Waganda hao hao wanaye Mpobe, mwindaji aliyemfuata mnyama shimoni akafika kwa Walumbe mwenyewe, akaachiwa arudi kwa sharti la kutomwambia mtu alikokuwa. Mama yake akambana mpaka akasema, na Kifo kikaja kudai. Lakini angalia: Orpheus na Mpobe ni watu wazima, walikwenda kwa miguu yao, na sharti waliambiwa wao, wakajibu wao. Mtoto wa Ttanda hakwenda kuzimu. Kuzimu ndiyo iliyomtokea akiwa na fimbo ya mbuzi mkononi. Hata mtoto Albrecht kule Tristram hakuteremka kwa hiari yake. Inashangaza jinsi sisi watunzi, wa Marekani na wa Murungu, tunavyopenda kumweka mtoto mwisho wa shimo, kisha tunaita hicho ndicho kina cha hadithi. Sura yangu ya tatu, ile iliyoliwa, ilikuwa na mtoto kama huyo. Nilimuua ukurasa wa 61 ili shujaa apate hasira. Nadhani panya alikuwa mhariri mzuri.

Nilimwuliza binti kwa nini alipiga kelele, nikitarajia jibu kubwa la kuweka hapa. Akasema hakupanga. Alipoona ile sheria nyekundu aliona imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusikia mtoto akinyamazishwa. Akasema pia kwamba kwenye mchezo, angalau, kuna mahali ambapo mtoto anaweza kulia mpaka mwisho na asubuhi sote tukaamka. Kuhusu mama yake alisema hamhukumu, na kwamba nisije nikaandika kwamba anamhukumu.

Fundi amekubali kurudi mezani, ila anadai pointi za mwindaji zikatwe, maana sheria ilikuwa sheria. Nimekataa. Anasema basi mimi si msimulizi, mimi ni mwanasiasa. Tumekubaliana kwamba kelele ibaki: ilipigwa, Walumbe amerudi chini, kamba ya askari imekatika, na Jumapili tutaanzia hapo hapo, kwenye ukingo wa shimo, watoto wakiwa wamesimama wanatetemeka na Kayikuuzi anawajia akiwa amekasirika. Mwindaji atakuwa kati yao. Atasema nini, sijui. Ni zamu yake.

Aliniomba jambo moja tu kabla ya Jumapili. Wale watoto, alisema, katika kisa chote hawana majina. Kintu analo, Nambi analo, hata Kifo kinalo. Usiku huu nimekaa na daftari dukani, maharage yamelala kwenye magunia, na nimeshapata manne.