Bastola Mkononi mwa Bibi

Je, ni halali kwa Mkristo aliyekwisha kustaafu, mwenye mvi na wajukuu, kujifunza kupiga bastola ili aingie mashindanoni? Kwa washarika wengi swali hili ni la kushangaza. Bastola tunayoijua ni ya polisi au ya jambazi. Naye mzee tunayemjua hukaa kiti cha mbele kanisani, hutupa baraka zake, kisha hupelekwa nyumbani akapumzike. Lakini ndani ya swali hili yamo maswali mawili yanayotugusa sote, hata sisi ambao hatutashika bastola maishani. La kwanza: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuua, je, chaweza kushikwa kwa moyo safi? La pili: je, Mungu bado anatarajia jambo jipya kutoka kwa mtu wa miaka 65?

Naomba tuyatafakari maswali haya kwa kumtazama mwanamke mmoja wa India. Hakuwa Mkristo, lakini maisha yake yana somo kwetu. Jina lake ni Chandro Tomar, mkazi wa kijiji cha Johri, wilaya ya Baghpat, katika jimbo la Uttar Pradesh. Kwa miaka mingi aliishi kama wanawake wengine wa kijijini kwake: alilea watoto, alipika, alihudumia mifugo, na alifunika uso wake mbele ya wanaume wa ukoo. Mwaka 1999, akiwa amekwisha kupita miaka 65, alimsindikiza mjukuu wake wa kike kwenye klabu ya kulenga shabaha iliyokuwa imefunguliwa hapo kijijini, maana binti aliogopa kwenda peke yake mahali palipojaa wavulana. Binti alipohangaika kuipakia bastola, bibi aliichukua, akaipakia, akalenga, akafyatua. Kirisasi kilipiga katikati ya shabaha. Mwalimu alistaajabu, akamwomba aendelee kuja.

Aliendelea, ila kwa siri, kwa sababu alijua wanaume wa nyumbani wasingekubali. Usiku, wengine wakiwa wamelala, alinyosha mkono akiwa ameshika jagi la maji, ili mkono uzoee uzito na utulivu. Baadaye Prakashi Tomar, aliyeolewa na ndugu wa mume wake, alijiunga naye. Watu waliwacheka. Bibi wawili waliovaa sketi ndefu za kijijini na vichwa vyao vimefunikwa walisimama kwenye mstari pamoja na vijana na maofisa wa serikali, na wakawashinda. Chandro alipata mataji zaidi ya 25 katika mashindano ya nchi yake. Mwaka 2019 ilitengenezwa sinema juu ya maisha ya wanawake hawa wawili. Chandro alifariki Aprili 2021 kwa ugonjwa wa korona.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, lile la chombo chenyewe. Msomaji anaweza kusema: nabii Isaya aliona siku ambayo mataifa yatageuza silaha kuwa zana za kilimo, wala hawatajifunza vita tena (Isaya 2:4). Basi iweje mtu wa Mungu ajifunze kupiga bastola uzeeni, wakati ambapo angepaswa kuwa anaelekea kwenye siku hiyo ya amani? Pingamizi hili ni zito, nami sitaki kulipita haraka. Mchezo wa kulenga shabaha umekua karibu na kambi za jeshi, na bastola ya michezo ni ndugu wa bastola inayoua. Anayesema kwamba ni kifaa cha kawaida tu kama raketi ya tenisi, huyo hajafikiri vya kutosha.

Hata hivyo tuangalie ni kitu gani kinachofundishwa. Katika shindano la bastola ya upepo, ile inayosukuma kirisasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, mchezaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Hutumia mkono mmoja tu. Duara la katikati, lenye thamani ya alama kumi, lina upana wa milimita 11.5, yaani dogo kuliko shilingi yoyote iliyo mfukoni mwako. Anapewa risasi 60 na dakika 75. Lakini kabla ya hayo yote hufundishwa sheria: mtutu uelekee kwenye shabaha wakati wote; kidole kisiguse kifyatulio mpaka awe tayari kupiga; bastola iliyowekwa chini iwe imefunguliwa na kupitishiwa uzi wa rangi kali, ili kila mtu aone kwamba ni tupu; na msimamizi akitoa amri ya kuacha, wote waache papo hapo. Mtu asiyeweza kutii hayo hapewi nafasi kwenye mstari, hata awe na shabaha kali namna gani.

Martin Luther aliandika mwaka 1526 kijitabu kuhusu swali kama askari nao wanaweza kuwa na hali njema mbele za Mungu. Humo alitenganisha kazi yenyewe na mtu anayeifanya: kazi yaweza kuwa halali, lakini mtu akaifanya kwa ubaya wa moyo. Na katika Katekisimo Ndogo, alipoieleza amri ya tano, hakuishia kwenye kukataza. Alifundisha kwamba pamoja na kutomdhuru jirani mwilini mwake, tunapaswa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili. Hapo ndipo ninapoona kipimo kilicho sawa. Kwa bastola ya shabaha, kama kwa panga la shambani na pikipiki ya bodaboda, haitoshi kuuliza kama kimemwua mtu. Tuulize pia kama jirani amepata uzima kwa sababu ya mkono unaokishika.

Kwa kipimo hicho, bibi wa Johri anasimama vizuri. Mahali ambapo bunduki ilikuwa mali ya wanaume na alama ya ubabe, yeye aliielekeza kwenye karatasi. Nyuma yake wakaja mabinti. Seema, binti wa Prakashi, alifika hadi Kombe la Dunia la mchezo wa kulenga shabaha na kupata medali mwaka 2010. Wasichana wengine wa eneo lile walipata njia ya kutoka nyumbani, kusafiri, na kupata ajira. Mlango ulifunguliwa na mwanamke ambaye watu walidhani wakati wake umekwisha.

Upo pia mfano kutoka Michezo ya Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008. Siku zilezile Urusi na Georgia zilikuwa zinapigana. Katika bastola ya upepo ya wanawake, Natalia Paderina wa Urusi alipata medali ya fedha, na Nino Salukvadze wa Georgia akapata ya shaba. Walipokuwa wanapokea medali walikumbatiana mbele ya dunia nzima. Mikono iliyotoka kushika bastola ilikuwa mabegani mwa mtu ambaye, kwa hesabu za serikali, alikuwa adui. Sisemi kwamba kumbatio lile lilisimamisha vita. Ninasema kwamba kujifunza kulenga hakukuwafundisha kuchukia.

Tuje sasa kwenye swali la pili, la umri. Mimi ni mchungaji wa miaka arobaini na kitu, na tayari nasoma Injili madhabahuni kwa msaada wa miwani, kwa hiyo swali hili silizungumzi kama jambo la watu wengine. Nimeona katika sharika zetu jinsi tunavyowaheshimu wazee kwa namna inayowazika kabla ya siku yao. Mtu anafikisha miaka 60, anastaafu, tunamwandalia hafla na keki, tunamwombea, na tangu siku hiyo hatumwombi chochote zaidi ya kufunga kikao kwa sala. Yeye mwenyewe naye anaanza kusema, mimi ni wa kuondoka tu. Husema hivyo akiwa na miaka ishirini mbele yake.

Katekisimo Ndogo hutufundisha sehemu ya kwanza ya Imani kwamba Mungu ameniumba, amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, akili na fahamu zote, na kwamba hata sasa anavitunza. Wengi wetu tulikariri maneno hayo tulipokuwa kipaimara, tukiwa na miaka kumi na minne, macho makali na magoti yasiyouma. Lakini uzito wa neno lile la kutunza huonekana uzeeni. Mwenye miaka 67 anapogundua kwamba mkono wake bado unaweza kufundishwa, anagundua kwamba Mungu hajaacha kazi. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani (Mwanzo 12:4). Musa alikuwa na 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7). Hawa walianza kazi ngeni, tena ngumu, katika umri ambao sisi tungewaambia wakae kivulini.

Atauliza mtu: lakini hao waliitwa kwa kazi ya Mungu, na huyu anacheza tu. Ni kweli, na mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, ila utauwa una faida kwa mambo yote (1 Timotheo 4:8). Mzee anayekosa ibada kwa sababu ya mashindano amepoteza kikubwa kwa ajili ya kidogo. Lakini kidogo ambacho mtume amekikubali, sisi tusikifute. Furaha ya mzee anayejifunza jambo jipya ni shukrani pia, akiipokea kama zawadi.

Tena mchezo huu unafundisha jambo ambalo ningependa kila mhubiri alijue. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa dhambi, hamartia, lilitumika zamani kwa mkuki uliokosa shabaha. Hata katika Kiebrania, kitenzi kilekile cha kutenda dhambi kinatumika katika Waamuzi 20:16 kwa wapiga kombeo wa Benyamini, ambao waliweza kulenga unywele wasiukose. Tumezoea kuhubiri hivi: umekosa shabaha, basi jitahidi zaidi. Wapiga bastola wanajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Mkono wa mwanadamu hautulii kabisa. Moyo unadunda, pumzi inapita, misuli inacheza. Anayeanza husubiri sekunde ambayo mkono utatulia, na anapodhani imefika hukivuta kifyatulio kwa pupa. Hiyo ndiyo risasi inayokwenda nje. Aliyezoea hukubali kwamba mkono utatikisika. Hukaza macho kwenye kinundu cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu, huiacha shabaha ionekane kwa ukungu, kisha hubonyeza polepole, huku mkono ukiendelea kutikisika, na risasi hufika.

Luther alifundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Wako Wakristo wanaosubiri utulivu kamili ndipo wamtumikie Mungu: nikishaacha hasira, nikishapona, nikishakuwa mtu safi. Wengine wameungoja wakati huo mpaka wakazeeka. Neema hutuma mkono unaotetemeka. Mfano huu una mwisho wake, bila shaka. Kwenye shabaha kila kosa huhesabiwa na kuandikwa. Kwa Kristo, alama zetu ni zake alizotupa. Lakini namna ya kusimama ni ileile: macho mahali pamoja, bila pupa, bila kukata tamaa kwa sababu ya mtetemo.

Mpaka hapa nimetoa ruhusa. Sasa nitoe onyo, maana mchungaji anayeruhusu bila kuonya hachungi. Nchini Marekani, ambako bunduki ziko katika nyumba nyingi, zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe, na wanaume wa miaka 75 na zaidi ndio wenye kiwango cha juu kuliko wote cha kujiua. Kwa hiyo tunapofikiri juu ya mzee na silaha, tusimfikirie jambazi peke yake. Tumfikirie mzee mwenyewe, aliyefiwa na mke, ambaye watoto wako mbali, ambaye simu yake hailii tangu Jumapili hadi Jumapili. Kwa mtu kama huyo silaha kabatini si mchezo. Jirani wa kwanza ambaye amri ya tano inamlinda dhidi yake ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana ninaposema ni halali, nasema ni halali kati ya watu: klabuni, penye mwalimu, penye msimamizi, silaha ikibaki imefungwa chini ya ulinzi wa klabu na sheria ya nchi, na mzee akirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye ulevi, mwenye hasira zisizotawaliwa, na mwenye huzuni nzito, asishike. Amtafute mchungaji wake, na sisi wachungaji tusisubiri kutafutwa.

Nawaachia basi washarika kazi moja. Huenda hakuna klabu ya bastola karibu nanyi, nami sijaandika ili mkaitafute. Lakini katika jumuiya yako yuko mzee ambaye hajaombwa jambo jipya kwa miaka kumi. Mwombeni. Mfundisheni kinanda, mpeni darasa la Jumapili, mwacheni ajifunze kompyuta pamoja na mjukuu wake, hata kama watu watacheka. Na wewe mzee unayesoma haya, ukihisi mkono wako unatetemeka, usiuondoe kazini kwa sababu hiyo. Bwana aliyekupa mkono huo bado anautunza.