Kila Chombo Huvuja

Kuna swali la maadili ambalo wahandisi wa meli walilijibu kitambo bila hata kuliita swali la maadili. Walijua kuna kitu lazima kitavuja. Wakajiuliza: basi kivujie wapi? Mimi si mhandisi, lakini jibu lao limenikaa kichwani, kwa sababu naona hata sisi wa nchi kavu tunalitumia kila siku.

Tuanze na shida yenyewe. Injini iko ndani ya meli. Rafadha, yaani propela, iko nje majini. Kinachoziunganisha ni shafti, na shafti lazima itoboe meli kule nyuma, kwenye tezi. Fikiria: umeunda chombo kisichopitisha maji, halafu unakitoboa chini ya maji na kupitisha hapo chuma kinachozunguka usiku na mchana. Kwenye meli kubwa ya mizigo, rafadha peke yake inaweza kuwa na uzito wa makumi ya tani, na uzito huo unakandamiza beringi ya nyuma. Chuma kikisuguana na chuma namna hiyo, joto linapanda, beringi inaungua, na meli nzima inabaki ikielea kama kifuu. Kwa hivyo lazima shafti ilainishwe na ipozwe. Hapo hakuna mjadala.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na bahari yenyewe. Beringi za shaba za meli za kwanza za rafadha zilikuwa zinalika haraka mno, mpaka Mwingereza John Penn alipopata hataza ya beringi za mti mwaka 1854. Alitumia lignum vitae, mti mgumu ajabu wa Karibi na Amerika ya Kati, wenye utomvu unaoteleza. Maji ya bahari yalipita kati ya mti na shafti, yakalainisha, yakapoza, yakarudi yalikotoka. Kilichotoka nje kilikuwa kile kile kilichoingia.

Lakini maji ni mepesi. Utando wake ni mwembamba, haubebi uzito kama oili, na yanakuja na mchanga na chumvi. Kadiri meli zilivyokua, nyingi zilihamia kwenye bomba lililofungwa na kujazwa oili, lenye sili mbele na sili nyuma. Oili inabeba shafti juu ya utando wake, inachukua joto na kulipeleka kwenye kuta za bomba. Mambo safi.

Isipokuwa sili nayo ni kitu cha kuchakaa. Inasuguliwa na shafti inayozunguka, na wakati mwingine inakatwa na uzi wa kuvulia uliojisokota huko nyuma. Siku ikilegea, moja kati ya mawili: maji yaingie, au oili itoke. Wahandisi hawakuacha jambo hilo kwa bahati. Waliweka tenki ndogo ya oili juu zaidi ya usawa wa bahari, ili msukumo wa oili uzidi kidogo msukumo wa maji. Maana yake ni kwamba sili ikilegea, bahari haiingii. Oili ndiyo inatoka. Mvujo ulipangiwa njia kabla haujatokea.

Kusema ukweli, siwalaumu. Maji yakichanganyika na oili, beringi inaweza kufa, na meli iliyopoteza nguvu katikati ya dhoruba ina watu ndani. Ningekuwa baharia, ningetaka hivyo hivyo. Kinachonisumbua ni yale yaliyofuata baada ya uamuzi huo, na yalianza na neno moja tu.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye chumba cha injini. Aliwahi kuniambia kwamba tenki ya shafti ilikuwa inashuka lita kadhaa kwa siku.

“Na zinaenda wapi?” nikamuuliza.

“Ni matumizi ya kawaida,” akasema. “Unaongeza tu.”

Matumizi! Dizeli hutumika, maana inaungua. Lakini oili ya bomba lile haiungui, inakaa humo ikizunguka. Ikipungua, imeenda mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni baharini. Neno “matumizi” linafanya kazi ambayo sili imeshindwa kufanya: linaziba.

Ripoti ya mwaka 2011 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ilinukuu makadirio kwamba bomba za shafti huvujisha kati ya lita milioni 4.6 na 28.6 za oili kila mwaka katika bandari za dunia. Linganisha na Wakashio, meli iliyopanda mwamba Mauritius mwezi Julai 2020 na kumwaga karibu tani 1,000 za mafuta. Ile tuliiona kwenye simu zetu, tukakasirika, na ilistahili. Lakini hata makadirio ya chini kabisa ya mvujo wa shafti ni kama Wakashio nne kila mwaka, na hakuna nahodha wa kufikishwa mahakamani, kwa sababu kila meli imetoa “kidogo tu”.

Wazee wa pwani wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini ndani ya jahazi ambapo maji hukusanyika. Jahazi la mbao nalo huvuja, hata ukilikalafati vipi, lakini linavuja kuelekea ndani. Maji yanamrudia mwenye chombo, yanalowesha mzigo wake, na lazima mtu ainame ayafue. Hakuna anayeyaita matumizi.

Na si lazima turudi kwenye jahazi ili tupate haki hiyo. Kuna sili za kisasa zenye chumba cha hewa katikati: oili ikipenya kutoka ndani au maji yakipenya kutoka nje, vyote hukusanywa na kuletwa kwenye tenki ndani ya meli, ambako mtu anapima na kumwaga inavyostahili. Kuna meli zilizorudia maji ya bahari na beringi za plastiki ngumu. Na tangu Desemba 2013, kanuni za Marekani zinataka meli kubwa zitumie mafuta yanayooza haraka pale yanapogusana na bahari, isipokuwa isipowezekana kiufundi. Hakuna suluhisho lisilo na doa: plastiki inalika, na biashara ya lignum vitae sasa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mimi sidai chombo kisichovuja. Nadai mvujo umrudie anayefaidi safari, au angalau aulizwe kuuhusu.

Sasa panda matatu. Mwenye gari ana hesabu yake ya jioni, haipungui. Mvua ikinyesha, barabara ikifungwa, polisi wakisimama kila kona, pengo linatoka mfukoni mwa dere na konda. Hiyo ni tenki iliyowekwa juu. Angalia na nyumbani: pesa zikikosekana, ni nani kati ya watoto anayeambiwa asubiri mwaka mwingine? Mara nyingi ni yule yule, na tunamsifu kwa uvumilivu. “Uvumilivu” ni binamu ya “matumizi”.

Huwa tunapima uadilifu kwa nia: je, alikusudia kudhuru? Mhandisi wa ile tenki hakukusudia kudhuru samaki hata mmoja. Ndiyo maana nia hainitoshi. Mtu aliyepanga mambo ili hasara yake iende kwa asiyeweza kupiga kelele tayari ameshachagua, hata kama sili bado ni mpya na haijadondosha tone. Kwa hivyo ukipewa mfumo wowote, iwe kazi, chama au ndoa, usiulize tu kama unafanya kazi vizuri. Uliza siku ukiharibika utamwagikia nani, na kama mtu huyo alikuwepo mezani wakati tenki inawekwa.