Sindano Tatu na Kuku Wawili

Mtu wa Bunia, jimboni Ituri, ambaye ngozi yake huvimba mabaka kila jioni, yakamwasha usiku kucha na kutoweka asubuhi, hakosi washauri. Mmoja atamtuma Hospitali Kuu ya Rufaa, mwingine kwenye chumba cha maombi, na wa tatu atamvuta kando amwulize amekosana na nani. Mabaka yakizidi majuma sita, madaktari huyaita urtikaria sugu, na mara nyingi hakuna chakula wala mdudu wa kulaumiwa. Hapo ndipo mgonjwa hubaki na maswali mawili: yataisha lini, na kwa nini mimi?

Kwa lile la kwanza kuna kipimo ambacho huenda kikasaidia. Kilielezwa Uingereza mwaka 1986 na daktari Clive Grattan na wenzake. Damu ya mgonjwa huachwa igande, kisha maji yake ya manjano, yaani seramu, huchomwa kidogo sana ndani ya ngozi ya mkono wake mwenyewe. Kando yake, kwa kulinganisha, huchomwa maji ya chumvi, na kando tena histamini, kemikali inayovimbisha ngozi. Nusu saa baadaye mabaka hupimwa kwa rula. La seramu likilizidi la maji ya chumvi kwa milimita 1.5 au zaidi, jibu ni chanya: ndani ya damu yake kuna kitu kinachoichokoza ngozi yake. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kitu hicho ni kingamwili za mwili wenyewe. Adui aliyetafutwa kwa jirani alikuwa nyumbani.

Wengine walitumaini kwamba kipimo hiki kingetabiri pia mwendo wa ugonjwa. Tafiti zimegawanyika. Baadhi ziliona kwamba wenye jibu chanya huugua kwa muda mrefu na kuhitaji dawa nyingi zaidi. Nyingine hazikuona tofauti. Tena wapo watu wazima wa afya, wasio na baka hata moja, ambao mkono wao huvimba vilevile.

Majirani wa kaskazini mwa Ituri, Wazande, walikuwa na njia yao ya kuuliza mambo yajayo. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi nao upande wa Sudan, aliiandika katika kitabu cha mwaka 1937. Kuku alilishwa sumu ya benge, ambayo Wazande walivuka mpaka kuifuata Kongo, karibu na mto Bomokandi. Akifa, hilo ni jibu. Ila halikukubaliwa mpaka kuku wa pili aulizwe swali lilelile kinyumenyume, na yeye apone. Anayewacheka hajatazama vizuri. Kuku wa pili alifanya kazi inayofanana na ya maji ya chumvi: kulizuia jibu la kwanza lisijithibitishe lenyewe.

Tofauti iko kwingine. Benge ilijibu kuhusu mtu mmoja, kwa jina lake na kwa kesi yake. Kipimo cha ngozi, hata kingekuwa bora mara kumi, hujibu kuhusu kundi: wengi wenye mkono kama huu huendelea hivi. Kulitoa neno hilo kwenye kundi na kumbandika mtu mmoja kama hukumu ni kurudi kwenye benge bila hata kuku wa pili.

Swali la "kwa nini mimi" halimo katika rula. Rafiki zake Ayubu walidhani limo katika ngozi. Waliona majipu, wakaenda moja kwa moja kwenye dhambi, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao. Kuhani wa Walawi 13 alikuwa mwangalifu zaidi. Alipokuwa na shaka alimtenga mgonjwa siku saba, akatazama tena, na wala hakuagizwa kumwuliza alikosa nini. Mgonjwa anaposema, "Pasta, nimekosa nini?", mchungaji anayejibu upesi amekaa na wale rafiki.

Liko pia jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Ili kipimo kisomeke, vidonge vya kuzuia histamini husimamishwa siku kadhaa kabla. Yaani mgonjwa anaombwa ajikune usiku kadhaa kwa ajili ya habari ambayo huenda isibadilishe hata kidonge kimoja atakachopewa. Ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya sindano ya kwanza. Si ajabu akichagua vidonge.